Kabichi Mbele ya Kamera ya Nne

Henriette alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena. Hakuwa amekosea. Kwenye picha, mbele ya kamera ya nne, alikuwa amechutama Papa Anaclet, shemasi wa kanisa lao, na kabichi mkononi.

Tangu afiwe na mume, hii ndiyo kazi ya kwanza iliyompa pumzi. Kila juma alipanda taxi kutoka mtaani kwake Umbilo hadi Westville, akaingia msituni, akabadilisha betri na kadi za kamera kumi na mbili zilizofungwa kwenye miti. Paa akipita, kamera inapiga yenyewe. Kwa picha hizo Tina, mtafiti wa chuo, alikadiria paa wangapi wanaishi mle. Mkataba wa Henriette ulikuwa unaisha, na Tina alisema wazi: hesabu ikiwa safi, iko kazi ya mwaka mwingine.

Sasa kamera ya nne, iliyozoea picha ishirini kwa mwezi, ilikuwa na mia tatu. Karibu zote za paa yuleyule, sikio limechanika.

Akamfuata Anaclet kwenye duka lake la simu.

"Papa Anaclet, kabichi ya nini msituni?"

"Mama, si ulisema tukuombee, wanyama hawaonekani? Tulifunga, tukaenda kuomba kulekule. Halafu tukamsaidia Mungu kidogo."

"Mungu alikwambia amekosa kabichi?"

"Lakini walikuja."

"Alikuja mmoja. Mara mia tatu."

"Basi huyo amebarikiwa."

Henriette akahesabu pumzi zake. "Siku kanisa lilipopika wali na nyama, mlihesabu watu wangapi?"

"Mia nne."

"Na Jumapili iliyofuata?"

Anaclet akaanza kupangusa simu iliyokuwa safi. "Eish."

"Tunahesabu wanaopita njia yao, Papa, si walioitwa kula. Ni kamera ya nne peke yake?"

Anaclet akaanza kupanga upya chaja kwenye rafu.

"Papa."

"Kabichi zilikuwa gunia zima, Mama."

Kamera tano, akakiri mwishowe. Ndani ya taxi Henriette aliibana kadi kiganjani. Kuifuta picha ya shemasi kulihitaji kubonyeza mara mbili tu. Tina angefurahia paa wengi, mkataba ungesainiwa. Akasali kimoyomoyo, na hata sala ilimkera, maana jibu alilijua kabla hajaanza.

Alimweleza Tina yote. Tina akashika kichwa. Kamera tano zilitolewa kwenye hesabu, zianze upya siku thelathini.

"Nakuongezea mwezi mmoja, si mwaka," alisema. "Mwaka tutauongelea hesabu ikikamilika."

Jumapili Anaclet alimngoja mlangoni mwa kanisa, sauti chini.

"Mama, kikundi cha maombi kinauliza, Jumamosi tukuombee nini?"

"Mwezi huu upite salama," alisema Henriette. "Na mniombee hapahapa Umbilo."