Pointi za Khavere

Jacklyne Khavere alikuwa na kadi mbili zilizoanza kumkosesha raha. Moja ilikuwa ya shirika la ndege, nyingine ya hoteli zenye matawi karibu kila mji aliotumwa na kampuni yake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa maabara jinsi ya kutumia mashine za kupima damu, na mwaka huo mzima alikuwa amezunguka Kampala, Kigali, Lusaka na kurudi, hadi mlinzi wa geti lao pale mtaa wa Fedha, Nairobi, akawa hajui amwambie karibu au safari njema. Kila safari ilimwongezea pointi. Sasa ilikuwa Novemba, na kadi zote mbili zilikuwa zimebakisha kidogo tu kufika daraja la dhahabu. Mwaka mpya ukiingia, hesabu ingeanza tena kwenye sifuri.

Ilibaki safari moja, ya siku nne Kigali. Kampuni ilikuwa inatoa fungu moja la pesa za tiketi na malazi, ukajipange mwenyewe. Akipanda ndege ya kadi yake, angelala gesti. Akilala hoteli ya kadi yake, angepanda ndege ya bei ya chini inayoondoka saa ambazo hata majogoo bado wanakoroma. Dhahabu mbili hazingewezekana.

"Jacky, wacha mchezo, chukua ndege," Mutisya, mwenzake wa ofisini, alimwambia. "Ukiwa dhahabu hupigi foleni. Unaingia launji, unakaa kwa sofa, unakunywa juisi ya bure, watu wanakuona."

"Wananiona nikifanya nini?"

"Wanakuona tu! Hiyo si kitu kidogo."

Huyo Mutisya ndiye aliyening'iniza lebo ya shirika la ndege kwenye mfuko wake wa chakula cha mchana, kwa hivyo ushauri wake ulikuwa wa kusikilizwa kwa sikio moja.

Khavere angeamua haraka kama si simu ya Jumapili. Mama yake, Roseline Kageha, alipiga kutoka Vihiga baada ya kanisa kama kawaida, akauliza afya ya mjukuu wake Triza, akauliza bei ya nyanya, kisha akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Krismasi hii sitakuja. Magoti yamekataa. Daktari anasema mambo ya kupanda basi mara mbili kwa siku moja niyasahau."

Mara mbili kwa siku moja, maana Mama Kageha hakuwa akilala Nairobi. Huko kwao mama hafungi macho chini ya paa la mume wa binti yake. Si ugomvi, ni heshima, na Mama Kageha alikuwa mtu wa heshima mpaka ukucha. Kwa miaka minane ya ndoa ya Khavere alikuwa akifika Fedha na basi la alfajiri na kuondoka na la jioni. Hata Triza alipozaliwa, alikuja, akamwogesha mtoto, akampikia Khavere uji, na saa kumi akajifunga leso akaelekea steji. Khavere alibaki kitandani na kichanga mkononi akilia, na hakuna aliyejua ni uzazi au ni nini. Alijua yeye. Alikuwa anamtaka mama yake.

Kwa hivyo usiku ule alisoma masharti ya kadi zake upya, safari hii kwa jicho lingine. Dhahabu ya ndege ilikuwa na zawadi ya tiketi moja ya bure ya ndani ya nchi, kwenda na kurudi, na unaweza kumpa umtakaye. Dhahabu ya hoteli ilikuwa na zawadi ya siku mbili za kulala bure katika tawi lolote, hata lile la Mombasa Road ambalo ukisimama kwenye kibaraza chao cha Fedha unaliona.

Mumewe, Nyongesa, alikuwa mfanyakazi wa kaunti upande wa maji, mtu mpole anayeweza kuzozana na wenye nyumba kumi kuhusu mita asichoke. Mama mkwe tu ndiye aliyemtoa jasho. Kila Mama Kageha akija, Nyongesa alishinda nje akipangusa gari lililokuwa safi tangu jana yake.

"Ndege, Mama Triza," alisema bila hata kufikiri alipoulizwa. "Asubuhi anatua kutoka Kisumu, hapo karibu na kwao, jioni anapaa. Magoti hayaumii na kila mtu anabaki na heshima yake."

"Heshima yako ama uoga wako?"

"Vyote. Siku mbili mfululizo nitapangusa gari mpaka rangi itoke."

Khavere alicheka, lakini hakulala vizuri. Ndege ilikuwa jibu la akili, alikubali. Ingemleta mama yake akiwa hajachoka. Ila ingemrudisha pia, na yeye alikuwa amechoka na mama wa kurudishwa. Alitaka mama wa kubaki, wa kuzungumza naye mpaka maneno yaishe. Asubuhi alikata tiketi ya ile ndege ya majogoo na kulipia hoteli siku nne. Mutisya aliposikia alimtazama kama mtu aliyeuza shamba.

Siku ya mwisho Kigali, akiwa bado na kijiko cha chai mkononi, simu ilimpa habari: hongera, wewe sasa ni mwanachama wa dhahabu. Hapo hapo akaagiza siku zake mbili za bure, Jumamosi na Jumapili kabla ya Krismasi, tawi la Mombasa Road. Kisha akampigia mama yake, akamwambia aje na basi la asubuhi, polepole, kwa sababu kuna mahali pa kulala pasipokuwa pa mkwe. "Una hakika si pake?" Mama Kageha aliuliza. "Mama, hata mlango wa hapo yeye haujui," Khavere alimwapia.

Jumamosi Nyongesa aliwachukua Khavere na mama yake steji. Mama Kageha alikaa nyuma, mkwe akamsalimia kwa lugha ya kwao, mulembe, huku akiuangalia usukani, naye akamwitikia mulembe huku akiangalia dirisha, mambo yakaenda vizuri. Walipofika, Nyongesa alibaki kwenye maegesho. Kitambaa cha kupangusia alikuwa nacho tayari.

Chumba kilikuwa orofa ya tatu, kitanda kikubwa, mashuka meupe. Mama Kageha aliweka mkoba wake kitandani, akabonyeza godoro kwa kiganja, akakubali kwa kichwa. Halafu akaiona televisheni iliyokuwa ikiwaka ukutani. Akavaa miwani, akasoma taratibu: "Karibu sana, Bi. J. Nyongesa."

Akaunyanyua mkoba.

"Nyongesa ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Ndilo jina la kitambulisho changu tangu niolewe. Kadi niliifungua na hilo."

Mama Kageha alikuwa ameshafika mlangoni, magoti na yote. Alisimama kwenye korido, mkoba kifuani.

"Mimi silali kwa mkwe wangu."

"Mama, hii ni hoteli!"

"Hoteli yenye jina lake ukutani."

"Pointi ni zangu! Nimezilalia mwenyewe, mwaka mzima, mji kwa mji!"

"Sijakataa. Nakuuliza jina ni la nani."

Khavere hakujua acheke au alie, akafanya kidogo kidogo vyote viwili. Mwaka mzima wa viwanja vya ndege, na alikuwa amemnunulia mama yake siku mbili nyumbani kwa Nyongesa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yake alikuwa sahihi kwa namna yake, na basi la jioni lilikuwa bado halijaondoka.

Akateremka mapokezi karibu akimbie. Aliyekuwa zamu ni Mumina, msichana wa Majengo, Pumwani, mwenye hijabu ya buluu na sauti ya kutuliza watu. Khavere alimweleza kwa pupa, akitarajia kuchekwa. Mumina hakucheka.

"Nyanyangu hawezi kula mbele ya mume wa mamangu mpaka leo," alisema. "Naelewa, dada. Mama anaitwa nani?"

"Roseline Kageha."

"Naweza kumpa hizo siku mbili ziwe zake, kwa jina lake. Lakini nikifanya hivyo, mambo ya dhahabu yanatoka. Kiamsha kinywa cha bure, hakuna. Pointi za siku hizi, hupati. Na chumba kinakuwa chake kabisa. Wewe utakuwa mgeni wake, hata ukitaka kulala nitakuandika kama mgeni, tena kwa ruhusa yake."

Mwezi mzima alikuwa amepiga hesabu za pointi. Hii ilimchukua muda wa kuvuta pumzi.

"Andika."

Walipanda pamoja na ufunguo mpya. Mama Kageha alikuwa bado koridoni, ameegemea ukuta kupumzisha goti moja baada ya jingine. Mumina alimfungulia mlango kwa mikono miwili. Televisheni iliwaka: "Karibu sana, Bi. Roseline Kageha."

Mama alisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Kisha akaingia, akavua viatu, akavipanga chini ya dirisha, akaketi katikati ya kitanda kama mwenye boma.

"Mwambie mkwe wangu nashukuru kwa gari," alisema. "Aende apumzike, limeng'aa vya kutosha. Kesho amlete mtoto nimwone, yeye anisubiri chini."

Khavere alipiga simu, akasikia Nyongesa akishusha pumzi ndefu hata kabla hajajibu. Halafu akachukua mkoba wake.

"Basi nitakuja kesho asubuhi na Triza."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, mama."

Mama Kageha alimtazama juu ya miwani.

"Yaani mama yako ana chumba Nairobi, halafu wewe unaenda kulala kwa watu?"

"Mumina anasema lazima utoe ruhusa."

"Huyo Mumina amelelewa vizuri. Mwambie nimetoa." Alisogea upande, akakunja shuka kwenye nafasi iliyobaki. "Hujalala karibu na mimi tangu uolewe, Khavere. Funga huo mlango. Leo uko kwetu."

Khavere akafunga mlango, akavua viatu.