Mwanya wa Honi

Pikapu ilipogonga tuta, Honi alikuwa katikati ya wimbo. Bendi nzima ilikuwa imesimama nyuma, ndani ya makoti mekundu yenye vifungo vya kung'aa, ikimsindikiza bibi harusi ukumbini. Dereva hakuliona lile tuta, au aliliona akalidharau. Pikapu iliruka, tarumbeta likamrudia Honi mdomoni kwa kishindo, na alipotema mate kiganjani aliona nusu ya jino lake la mbele imelala kwenye damu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega. Jina la Honi alilipata usichanani, kwa sababu alipopuliza tarumbeta hata waliolala mtaa wa pili walikaa kitako. Mume wake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wameshajitegemea, na kazi hiyo ya bendi aliipenda kuliko kitu chochote kilichobaki. Kiongozi wa bendi alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Jioni ile kaka alikuja kumjulia hali, na ushauri wake alikuwa ameutayarisha njiani. Jino ling'olewe, yaishe. Atafutiwe la bandia la kuvaa na kuvua, na kuanzia wiki ile ashike matoazi, maana matoazi hayahitaji meno.

"Mdogo wangu, umri huu unapigania jino la nini?" alimuuliza kwa upole.

Honi alikuwa amevimba midomo, kuzungumza ni taabu. Alitikisa kichwa tu, mara moja, na kaka aliyemjua tangu utotoni akaelewa kwamba hapo kuna kazi.

Kesho yake Honi alikwenda kwenye kituo cha afya cha jirani. Mganga wa meno alimchungulia mdomoni, akasema lililovunjika kiasi hicho huwa linang'olewa, akageukia sinia lake la vifaa. Honi aliliona koleo. Akauliza kama halitengenezeki. Mganga akajibu kwamba kutengeneza kupo, ila kuna mlolongo, nenda rudi nyingi, na watu wengi hawana subira hiyo. Honi akamwambia yeye anayo. Akateremka kwenye kiti akatoka, na ni barabarani, alipoona watu wanamtazama kifuani, ndipo alipogundua kwamba bado amevaa shingoni bibu ya plastiki aliyofungwa na mganga asilowe mate.

Kliniki ya pili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye mikono myepesi na maneno yasiyoisha. Alipiga picha ya eksirei, akaiweka mbele ya taa na kumwonyesha: mzizi ulikuwa mzima, umeshika vizuri kwenye mfupa. Kilichoharibika ni kiini cha jino, kule ndani kwenye mishipa ya fahamu. Kitatolewa, mfereji wa mzizi utasafishwa na kuzibwa, kisha jino litavikwa kofia ngumu yenye rangi ya meno yake. Jino la mbele la jirani yake lilimeguka pembeni tu, hilo lingejazwa.

"Kwa hiyo linabaki?" Honi aliuliza.

"Linabaki."

Ganzi ilimfanya ahisi mdomo si wake. Daktari alitumia visindano vyembamba vyenye kukwaruza kama tupa, akavizungusha ndani ya mzizi polepole, huku mrija ukifyonza mate na chumba kikinukia dawa kali. Honi alishika mikono ya kiti, macho kwenye dari, akipiga nyimbo za bendi kichwani ili muda uende. Alirudi tena na tena, wala hakukosa miadi hata mara moja. Lile lililomeguka lilijazwa dawa laini, ikakaushwa kwa taa ya bluu, na ukilitazama usingejua liliwahi kumeguka.

Siku ya kuchukua vipimo vya kofia, daktari alileta habari aliyoiona ni njema. Kati ya meno yale mawili ya mbele Honi alikuwa na mwanya, tena mpana. Daktari alieleza kwamba kofia ikiongezwa upana kidogo, mwanya utapotea wenyewe, bila kazi ya ziada.

Honi alimwambia hapana. Arudishiwe alichovunja, alichozaliwa nacho kiachwe. Daktari akatabasamu, akasema sawa, akaendelea kukoroga donge lake la waridi la kupimia.

Kofia ilipofika, ikajaribishwa jinoni, Honi akapewa kioo. Safu yote ya juu ilikuwa imefungwa kama duka siku ya mapumziko.

"Daktari, nani amekuomba ufunge mlango?"

Daktari alibabaika. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyemwagiza fundi wa maabara aongeze upana, akiamini mgonjwa akishajiona atafurahi.

"Wenzako wanakuja hapa wanalia niwazibe, mama."

"Basi walie. Mimi silii."

Daktari akajaribu njia nyingine. Kofia mpya itachukua muda. Ile ya muda aliyovikwa siku ya vipimo, ya plastiki, haivumilii tarumbeta, na Honi mwenyewe alishamwambia kwamba Jumamosi kuna harusi kubwa. Hapo maneno yalimchoma. Kaka alikuwa ameshatamka mbele ya bendi nzima kwamba asipopanda pikapu Jumamosi hiyo, nafasi ya mbele anapewa mpiga tarumbeta wa pili moja kwa moja. Honi alikitazama kioo tena. Angeweza kusema sawa, igandishwe, mambo yaishe. Alirudisha kioo mezani kikiwa kimelala kifudifudi.

"Irudi kwa fundi," alisema.

Jumamosi ile alikaa nyumbani. Bendi ilipita barabara kuu, na kwa mbali alimsikia yule wa pili akiiendea noti ya juu kabisa ya wimbo, akaisogelea, kisha akaikimbia. Roho ilimuuma Honi kama jeraha lililotiwa chumvi. Alipitisha ulimi kwenye kofia ya plastiki, akaenda kuosha vyombo.

Kofia ya pili ilikaa sawasawa. Daktari alimng'atisha karatasi ya rangi kuona meno yanavyokutana, akasugua kidogo, akaigandisha. Safari hii alingoja Honi achomeke ncha ya ulimi kwenye mwanya wake na kuuona upo.

"Ningekusikiliza tangu mwanzo," daktari akasema, na Honi akamwitikia kwamba yamekwisha.

Alipumzika kama alivyoagizwa, kisha akaanza mazoezi. Midomo ilikuwa imelegea. Noti za kwanza zilitoka kama mlango mbovu. Majirani walivumilia. Sauti iliporudi, si yote, alivaa koti lake jekundu akaenda kwenye mazoezi ya bendi, akasimama mahali pake pa mbele.

Kaka aliweka chini kitabu chake cha nyimbo. Akasema nafasi ile ina mtu sasa, na zaidi ya hayo mbele panatazamwa na wageni, hapafai pengo.

Honi akamkenulia. "Pengo liko wapi?"

Kaka alisogea, akakodoa. "Na huo mwanya umeuacha wa nini?"

"Huu ni wa baba. Na wewe unao, kaka, umeufugia masharubu."

Mpiga ngoma aliangua kicheko, na mpiga tarumbeta wa pili, ambaye tangu ile harusi hakuwa akilala vizuri, akajisogeza pembeni mwenyewe bila kuambiwa. Kaka aliwatazama wapiga tarumbeta wake wote wawili.

Honi hakungoja ruhusa. Alipuliza. Noti ya juu ilipasuka njiani, kila mtu akaisikia, kaka akainua nyusi. Honi akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akarudi mwanzo wa wimbo, akaupiga wote.