Kwaya ya Mtu Mmoja

Mwaka juzi tulitembelewa na wageni wa parokia moja ya Ulaya, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunataka kwenda. Walikaa kwetu Izia siku mbili, wakaisikiliza kwaya ya kigango chetu cha Mtakatifu Notburga, wakatoka wanafuta machozi. Aliyewaliza ni Bertilla, mama mmoja mkulima wa ulezi. Akianzisha wimbo wa Kifipa, hata watoto wachanga mgongoni mwa mama zao hunyamaza. Wageni waliporudi kwao wakatuma mwaliko: waimbaji kumi na wawili waje kwenye sikukuu ya parokia, nauli na malazi juu yao.

Tulishangilia jioni moja tu. Kesho yake mwenyekiti wetu, Mzee Kasimiri, akaitisha kikao.

Kasimiri ana maghala ya mahindi mjini Sumbawanga na hajawahi kuimba hata akiwa peke yake. Lakini aliwahi kwenda semina Lusaka, ambako Mtanzania hahitaji viza, na tangu hapo akawa mtaalamu wetu wa viza.

"Viza ziko za aina nyingi," alianza, akiwa amesimama ingawa viti vilikuwepo. "Kuna ya utalii, ya masomo, ya kazi, na ya kupita njia tu. Yetu ni ya matembezi mafupi. Hiyo ndiyo ngumu, maana Mzungu anataka uhakika kwamba utarudi."

"Kwa nini nisirudi?" aliuliza Bertilla. "Shamba langu nimwachie nani?"

"Mzungu halijui shamba lako, mama. Anaijua taarifa ya benki."

Mwalimu Alois, anayetufundisha nyimbo, alinyoosha mkono. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya ubalozi na kusoma masharti yote. Alisema wenyeji wakiandika kwamba watagharamia safari, na mkulima akipata barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha shamba lake, kila mwimbaji anaweza kuomba.

"Mwalimu," Kasimiri akamkatiza, "wewe shughulika na noti za muziki. Noti za benki niachie mimi."

Wiki iliyofuata majina yakabandikwa mlangoni mwa kanisa. Karibu waimbaji wote walikuwa wamekatwa kwa "kukosa sifa za viza". Badala yao aliingia Kasimiri mwenyewe, na binti yake Lucia. Akaingia shemeji yake, akaingia mpwa wake Evans mwenye duka la simu, wakaingia na wafanyabiashara wenzake wa nafaka. Alois alibakizwa kwa kuwa lazima mtu apige kinanda. Bertilla alibakizwa kwa kuwa wageni walimtaja kwa jina.

"Hawa hata misa hawaji!" Alois alilalamika.

"Utawafundisha kwenye basi. Dar ni mbali, hadi tufike Chalinze watakuwa wameiva. Haya, tia sahihi hapa kwamba wote ni wanakwaya."

Alois alisitasita. Akafikiria Bertilla atakavyoimba mbele ya watu wa Ulaya, akatia sahihi.

Kwenye basi walilala. Evans aliamka Mbeya, akanunua chipsi mayai, akalala tena.

Ubalozini waliitwa dirishani mmoja mmoja. Afisa alikuwa mama wa Kizungu anayejua Kiswahili vizuri kuliko walivyotarajia.

"Unaimba sauti gani?" alimuuliza Evans.

"Zote. Inategemea siku imeamkaje."

Shemeji alisema yeye ni besi, ila daktari amemkataza kuimba hadi mwezi ujao. Lucia, alipoombwa aimbe kidogo, alisimama wima na kuimba tangazo la sabuni la redioni, hadi mwisho, pamoja na bei.

Ikaja zamu ya Bertilla.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nalima."

"Una akaunti ya benki?"

"Sina. Nina kihenge, kimejaa ulezi."

"Nani anatuhakikishia kwamba utarudi?"

Bertilla hakulielewa swali hilo haraka. Tangu azaliwe hajawahi kwenda mahali asirudi. "Mimi mwenyewe," akajibu.

Afisa akamwomba aimbe. Bertilla akafumba macho, akaimba. Watu waliokuwa wakingoja kwenye viti wakaacha simu zao. Afisa akauliza kwa upole, "Na hawa wenzako, wote ni wanakwaya?"

Bertilla akageuka. Nyuma yake Kasimiri alikuwa akitikisa kichwa juu chini kama mjusi.

"Hawa ni wakubwa wetu," alisema Bertilla. "Kwaya imebaki nyumbani, inapalilia."

Kasimiri akaingia wa mwisho na bahasha nene: hati za maghala, taarifa za benki, picha ya mke na watoto. Alipoulizwa kuhusu sauti yake, alisema ukweli mtupu: "Mimi siimbi. Mimi ni mwenyekiti."

Majibu yalipokuja, jamaa zake wote walikuwa wamekataliwa. Alois alikataliwa kwa sababu ya sahihi yake. Bertilla alikataliwa kwa kuwa hakukuwa na uhakika wa kutosha kwamba angeondoka viza ikiisha. Aliyepewa ni mmoja tu, mtu mkweli na mwenye mali za kumrudisha nyumbani: Mzee Kasimiri.

Na alikwenda. Hakuona haya hata kidogo.

Wenyeji walitutumia video. Kasimiri amesimama katikati ya wazee wa Kizungu wanaoimba, naye anafungua na kufunga mdomo, akichelewa kidogo nyuma yao. Kisha wakamwomba wimbo mmoja wa Kifipa. Akatoa hotuba ya shukrani, ndefu, mpaka mpiga kinanda akafunika kinanda chake. Bertilla aliitazama video hiyo mara moja, akamrudishia Alois simu, akaenda shambani bila kuaga.

Mwaka huu wageni walirudi, wakatualika tena. Baada ya chakula Bertilla alimuuliza mzee mmoja wao, "Ninyi viza mlipataje?"

"Kwenye mtandao. Niliomba nikiwa jikoni kwangu, nakunywa kahawa."

"Walikuuliza kama utarudi?"

Mzee akafikiri, uso ukamwiva. "Hapana."

Hapo Kasimiri akasimama kueleza kwamba safari hii, kwa uzoefu alioupata, atasimamia maombi yote mwenyewe.

"Mwenyekiti," alisema Bertilla, "tuanzishie wimbo kwanza."

"Wimbo gani?"

"Wowote."

Kasimiri akakohoa, akasema ana mafua. Tulimngoja, wageni wakamngoja pia, na hakuna aliyemwokoa. Mwishowe akasema ana wateja ghalani, akaondoka.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili iliyofuata, na Bertilla ndiye mwenyekiti. Amefungua akaunti ya benki, akaweka pesa za ulezi wake wote, na kila mwanakwaya ana barua ya mtaa. Maombi yamepelekwa. Majibu bado, na mazoezi ni kila Jumatano.