Tambi Baridi za Leah

Leah ni mpishi katika hoteli moja ya Al Garhoud, na chumba chake kinapakana na changu hapa Al Quoz, Dubai. Alianza kuniletea tambi baridi za Kijapani wiki ileile mchumba wake, Rogers, alipoulizia kazi yangu ya kutunza ghala.

Mimi si mtoto. Cheti cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya usiku, nikiwa na miaka arobaini na moja.

“Shikamoo, mzee Kondo. Hizi ni soba, za nafaka ya jina hilohilo. Zina protini nyingi kuliko wali, zinashibisha. Zitakufaa kabla ya kupimwa afya.”

“Marahaba. Pakiti yake iko wapi?”

Aliileta. Nikavaa miwani.

“Ngano imetajwa mwanzo, soba inafuata. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi. Unanilisha ngano, binti.”

“Haya, arbab, bosi wangu, umenikamata!” Akacheka. Kesho yake alileta za soba tupu, na kikopo cha mchuzi kando. Nilisoma pakiti mara mbili, sikuona kosa. Nikazila siku tatu.

Alhamisi, siku ya kupimwa afya, presha yangu ilisoma 170 kwa 100. Muuguzi Asila alitikisa kichwa. “Nitakupima tena Jumatatu, mzee. Ikibaki hivi, sisaini.”

Bila saini, kibali changu cha kazi hakiongezwi muda, nami narudi Korogwe. Na ghala apewe nani? Nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Leah.

“Umetia nini kwenye tambi?”

“Maji ya moto, kisha barafu. Khalas, basi.” Akanitazama. “Mzee, ule mchuzi wa kwenye kikopo uliufanyaje?”

“Niliumimina juu. Mchuzi unafanywaje tena?”

“Wote?”

“Na uliobaki chini nikaunywa. Kwetu mchuzi haumwagwi.”

Alishika kichwa. “Yarabi! Ule ni wa kuchovya ncha tu! Chumvi tupu ile!”

“Lete chupa ya huo mchuzi.”

Niliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Chumvi ya kikopo kimoja ilikaribia ile anayoruhusiwa mtu kutwa nzima. Pakiti niliisoma mara mbili. Chupa sikuiulizia hata mara moja.

“Na Rogers?” nikauliza.

“Rogers anataka kazi ya ghala, ndiyo. Lakini alikuuliza wewe mwenyewe, mbele yangu. Mwizi hupiga hodi?”

Siku zilizofuata nilichovya ncha tu, na chumvi ya mezani nikaiacha.

Jumatatu ilisoma 138 kwa 86. Asila alisaini. Leah alinipongeza, akaniwekea bakuli jingine la soba.

Nilimshukuru. Kisha nikavaa miwani, nikaomba chupa.