Mikono Imeshika Nini

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, Minegishi Chizuru alipanga vikombe vya chai kwenye meza ya mkutano, kisha akatandika taulo kuukuu chini ya kiti cha dirishani. Kiti hicho kilikuwa cha Bibi Torigoe Fusae, aliyefariki Februari bafuni kwake, na taulo lilikuwa la kunyonya maji yaliyomtiririka. Bibi alikuwa mmoja wa wazee kumi na wawili wa mji wa Sanjo na vijiji vyake waliopewa na kiwanda alichofanyia kazi Chizuru kishikio kipya cha kujishikilia bafuni, ili wakijaribu nyumbani, na barua ya kiwanda ilimwalika vikaoni hadi mwisho wa Juni. Hakuwa mtu wa kuvunja miadi.

Aliingia kwa mlango kama wengine, nywele zimelowa, miguu mitupu, akamwinamia kila mtu kwa zamu, akaketi. Mikono yake miwili aliinyoosha mbele, imeachana, vidole vimejikunja, wala hakuishusha tangu anaingia mpaka anaondoka. Chai yake ilipoa mezani kila wiki. Hatano, fundi wa vyuma, alisema huenda ndiyo adabu ya kwao milimani, na jambo likaishia hapo.

Kazi ya Chizuru ilikuwa kuchora vishikio na kuwauliza watu maswali. Maswali yalikuwa kumi, yameandikwa na mkuu wa ofisi, Bwana Sakuma, na kila moja lilijibiwa kwa namba, moja hadi tano. Kwa kuwa mikono ya bibi ilikuwa na shughuli, yeye alitaja namba na Chizuru akaizungushia duara.

"Kishikio kinafaa, Bibi?"

"Haina neno, mwanangu. Tano."

Watu wa huko ndivyo wasemavyo. Mtu kavunjika mguu, muulize kama yu salama, atakwambia haina neno, kisha atakuomba radhi kwa kukusumbua. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza mtu kama huyo "kinafaa?" si kuuliza, ni kuomba sifa kwa adabu. Chizuru alilijua hilo na lilimkera, maana kishikio alikichora yeye, na cha kwanza kabisa kutoka kiwandani alikifunga kwa mkono wake bafuni kwa wazazi wake, mjini Murakami. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu na kumuuliza kama kinafaa. Mama naye alisema haina neno.

Aprili akaja wa pili, Bibi Enomoto, naye wa wale kumi na wawili. Naye kalowa chapachapa, naye mikono mbele. Likatafutwa taulo la pili. Bwana Sakuma aliwashukuru wote wawili kwa mahudhurio yao mazuri, akawaambia walio hai wawaige.

Siku hiyo Chizuru hakusikiliza namba. Alitazama mikono. Akatoa utepe wake wa kupimia, akaomba radhi, akampima Bibi Torigoe kutoka kiganja hadi kiganja. Sentimita sabini. Akampima Bibi Enomoto. Sabini vilevile.  Aliigeuza karatasi ya maswali kifudifudi.

"Bibi," akauliza, "mikono yenu imeshika nini?"

"Mfuniko," akajibu Bibi Torigoe. "Nilidhani mnauona."

"Mfuniko wa hodhi la kuogea?"

"Sasa wa nini, wa sufuria? Mimi huoga kabla ya mume wangu, yeye anapenda taarifa ya habari. Nikitoka nayafunika maji yasije yakampoa. Sasa siku ile sakafu ina povu, nimeunyanyua mfuniko, mguu ukateleza. Kishikio chenu nilikiona, kizuri, kinang'aa kweli. Mkono wa kukishika ndio sikuwa nao."

"Na mimi hivyo hivyo," akasema Bibi Enomoto. "Tena wangu wa mbao."

"Mbona hamkusema wiki zote hizi?"

"Karatasi ilitaka namba," wakasema kwa pamoja, bila kinyongo.

Hatano akakohoa. Bwana Sakuma aliweka kalamu chini, akatabasamu. "Swali zuri sana, Bi Minegishi."

Swali likishaitwa zuri na Bwana Sakuma, watu wa ofisi ile hulitafutia sanda. "Tutaliweka kwenye karatasi ya mwakani," akaendelea. "Kalibu za kumiminia vishikio zimeshachongwa."

Jioni ile Chizuru alipiga simu Murakami akiwa bado stesheni.

"Mama, ukimaliza kuoga mikono yako inashika nini?"

"Swali gani hilo? Umekunywa?"

"Nijibu tu, Mama."

"Mfuniko! Baba yako anaoga baada yangu. Aoge maji baridi, kamkosea nani?"

"Usiubebe. Abebe baba."

"Kwa mgongo ule? Ndiyo unataka nimuuguze?" Mama akacheka. "Haya, haya, nimesikia. Haina neno."

Hapo Chizuru aliogopa. Aliogopa kweli, akaiacha treni yake ikaondoka.

Wiki nzima alichora kishikio kingine, kipana, cha kuegemea kiuno, cha mtu asiye na mkono wa ziada. Hatano alikitazama, akasema kinatengenezeka. Bwana Sakuma alikitazama, akasema ni mchoro mzuri. Jumamosi Chizuru akaenda Murakami, akauchukua mfuniko na kuufungia stoo. Jumapili, treni yake haijafika Sanjo, mama alishautoa, akaupangusa na kuurudisha mahali pake.

Kikao cha mwisho kilikuwa siku ya mvua, mwezi wa Juni. Tangu asubuhi simu kutoka kwa baba yake ilikuwa imeita mara tatu, na Chizuru hakuipokea kwa sababu alikuwa akiipanga michoro yake ukutani, ajaribu mara moja tena. Saa tisa wakaingia Bibi Torigoe na Bibi Enomoto. Nyuma yao akaingia mama yake.

Hakuwa na miwani yake, kama mtu aliyetoka kuoga. Aliwainamia wote, akawashukuru kwa kumvumilia binti yake, mkaidi tangu utoto. Kisha akaketi, mikono mbele, maji yakimdondoka viwikoni.

 Chizuru alikivuta kiti chake, wakaketi magoti yakigusana, akanyoosha mikono na kuushika mfuniko kando ya vidole vya mama. Ulikuwepo. Ulikuwa umelowa, na mzito kuliko alivyoukumbuka. Vidole vya mama vikaachia kimoja kimoja. Mama akajikanda viganja, akakishika kikombe kwa mikono yote miwili na kunywa chai.

"Wastani ni nne nukta tisa," Bwana Sakuma akasoma. "Tunaendelea na kishikio kama kilivyo, vipande elfu sitini kabla ya majira ya baridi. Asiyekubali anyooshe mkono."

"Mimi sikubali," akasema Chizuru.

"Mkono, Bi Minegishi," akasema Bwana Sakuma kwa upole. "Utaratibu wetu ni mkono."

Hatano alimtazama, kisha akaitazama karatasi yake. Mikono ya Bibi Torigoe na Bibi Enomoto ilibaki mbele, imeshika mifuniko yao. Chizuru alijua kwamba akiachia, hata kwa mkono mmoja, mfuniko utarudi kwa mama. Akaushikilia. 

"Hakuna," akasema Bwana Sakuma, na Hatano akaandika hakuna.

Mama alikiweka kikombe mezani, akauliza kama imebaki chai nyingine. Ilikuwa imebaki, na Hatano akammiminia.