Utepe Mweusi Mlangoni kwa Dympna

Wiki ile nilikufa kila jioni, na Jumapili nikafa mara mbili. Sijisifu, lakini mji mzima huu wa Derry hakuna mwanamke anayejua kulala jenezani kunizidi mimi Sorcha. Pumzi naivuta kwa pua, kidogo kidogo, tumbo halipandi. Mikono naitumbukiza kwenye beseni la barafu kabla watu hawajaingia, ili atakayenigusa aguse baridi na aende nyumbani na cha kusimulia.

Onyesho lenyewe lilikuwa dogo. Wazo la mume wangu Fintan, mtu mwenye mawazo mengi na akili chache. Watu kumi na wawili tu kila jioni, sebuleni kwa mama yangu, msimu huu wa Halloween, sikukuu ya mizimu, ambao mji wote unavaa mifupa na mapembe. Tunajifanya tumefiwa. Saa ya ukutani tumeisimamisha, kioo tumekifunika, dirisha tumelifungua kidogo ili roho ipite. Wageni wanakunywa chai, wanakula sandwichi za mama, wanakuja mmoja mmoja kumuaga marehemu. Kisha wanakaa. Fintan amejificha chini ya meza iliyobeba jeneza, nyuma ya kitambaa, na anangoja wanyamaze. Wakishanyamaza kabisa, anapiga ngoma mara tatu, anazima taa kwa swichi aliyoivuta hadi huko chini, na mimi nainuka kwa ukelele na kumdaka aliye karibu. Yeye huko chini anashika watu vifundo vya miguu. Juzi jibaba moja lenye mapembe ya shetani lilimwita mama yake.

Marehemu wetu alikuwa bibi kizee. Mimi sijawa na uso wa kikongwe, kwa hiyo niliuazima wa mama. Nilijichora mikunjo yake yote, nikavaa nywele nyeupe za bandia, miwani yake ya zamani na gauni lake la kanisani. Mama aliponiona mara ya kwanza alisonya.

"Angalau umenitengeneza vizuri," akasema, akarudi jikoni kwake.

Mama yangu, Dympna, alitupa nyumba kwa masharti mawili. La kwanza, hakuna sala ya kweli itakayosaliwa kwa mzaha chini ya dari yake. La pili, hakutaka ule utepe mweusi tunaofunga mlangoni mtu anapokufa.

"Utepe si wa kuchezea," alimwambia Fintan. "Mtu wa hapa akiona utepe anaingia."

"Mama, Halloween hii? Jirani kaning'iniza fuvu dirishani. Nani atadhani tumefiwa kweli?"

"Haya. Utaniambia."

Fintan akaufunga utepe. Ndiyo akili yake hiyo.

Basi ikafika Halloween yenyewe, jioni ya mwisho. Fataki zilikuwa zimeanza kule mtoni. Wageni waliingia wakicheka: mchawi mmoja wa kike, kijana aliyevaa mifupa, wengine na vinyago vyao. Mimi nimelala, macho nimefumba. Walinizunguka, wakanigusa, wakaguta kwa baridi ya mikono yangu. Fintan alishajibanza chini ya meza. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na hapo ndipo nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa.

Hatuufungi kwa ufunguo. Nyumba yenye msiba haifungwi, na Fintan alitaka mambo yawe ya kweli. Aliyeingia akafuta viatu kwenye zulia la mlangoni, taratibu, kimoja halafu cha pili. Nikashangaa, maana tangu tuanze hakuna mgeni hata mmoja aliyefuta viatu.

"Poleni," ikasema sauti ya mzee. "Poleni kwa msiba. Poleni sana."

Nikamsikia anapita kwa kila mtu akiwapa mkono. Mchawi akapewa mkono. Mifupa akapewa mkono.

"Babu, umechelewa," Mifupa akasema. "Marehemu kachoka kukungoja."

Wakaangua kicheko. Mzee akaja hadi kwangu, akasimama. Nilinusa koti lenye mvua na tumbaku ya kiko.

"Dympna," akasema.

Marehemu wetu wa mchezo tulimpa jina jingine kabisa. Dympna ni mama. Na sauti ile nilikuwa sijaisikia karibu miaka ishirini, lakini ndiyo iliyonifundisha kupiga mluzi. Alikuwa Mjomba Cathal.

Mungu wangu. Jasho lilinitoka chini ya poda.

Niseme yaliyotokea baina yake na mama, maana kila mtu mtaani anayajua. Bibi, mama yao, alipofariki, alilazwa sebule hii hii. Hapa kwetu maiti haachwi peke yake hata dakika, mpaka azikwe. Zamu ya alfajiri ilikuwa ya Mjomba. Mama aliposhuka akakuta mishumaa imezimika, kiti kitupu, na Bibi yuko peke yake gizani. Mjomba alikuwa kalala kwenye baa ya kona, kalewa. Mama akamwambia mbele ya watu, jeneza likiwa katikati: toka, na usikanyage hapa tena. Naye akatii. Alihamia ng'ambo ya mto. Mama hakulitaja jina lake tena, na ole wako wewe ulitaje.

Sasa yuko hapa, anaulilia uso nilioupaka mwenyewe. Na lililonitia hofu zaidi nililijua kwa binamu yangu: Mjomba alipasuliwa moyo mwezi wa nne, na daktari amemkataza hata kubeba ndoo ya makaa. Ngoma ikilia, taa ikizimwa, Fintan akimshika mguu, huyu mzee ataanguka na hainuki. Tutakuwa na msiba wa kweli na utepe tayari uko mlangoni.

Nifanye nini? Nikifumbua macho, nimemuua. Nikigonga jeneza, nimemuua. Fintan haoni kitu, na hajawahi kumtia Mjomba machoni. Anachongoja ni kimya tu. Basi nikaomba moyoni: sema, Mjomba. Usinyamaze. Sema lolote.

Akavuta kiti, akakaa. Akanishika mkono.

"Kila Halloween napita hapa," akasema. "Najifanya naenda kuona fataki. Natazama taa ya dirishani, naona umo, naenda zangu. Leo nimeona utepe. Nilisimama pale nje, Dympna, miguu ikakataa kwenda mbele, ikakataa kurudi."

"Wee, huyu kawazidi wote," mchawi alinong'ona. "Tazama machozi."

"Wamempaka kitunguu," Mifupa akasema.

Nilitamani kuinuka nimzabe kibao. Lakini nilikuwa nimekufa.

"Nilijiambia nitakuja Krismasi. Nilijiambia nikipona nitakuja. Nikapona, sikuja." Akaukaza mkono wangu. "Una joto. Jamani, bado una joto. Ina maana hata saa moja haijapita. Ningetoka nyumbani mapema kidogo tu."

Baridi ya barafu ilikuwa imeisha mkononi mwangu, na mkono wake ndio ulionipasha. Mtu analia kwa kosa la kuchelewa, na anayemlilia yuko jikoni anakata sandwichi! Nilimchukia Fintan, nikajichukia na mimi, nikamchukia aliyebuni Halloween.

Kisha akasema, "Mara hii sitoki. Kesheni mkitaka, lalani mkitaka. Mimi nitakaa naye mpaka kaburini."

Akanyamaza.

Wageni nao wakanyamaza, maana hata Mifupa alianza kuona kwamba hapa kuna kitu si cha mchezo. Chini yangu nikasikia Fintan anajisogeza, anajiandaa. Kitambaa kilichakarika. Nikajua fimbo ya ngoma iko juu.

Mjomba akakohoa, akatoa kitu mfukoni. Nikasikia shanga zinagongana.

"Salamu Maria, umejaa neema," akaanza.

Sala ya kweli! Fintan chini akaduwaa, maana hiyo haimo kwenye mchezo na anajua sharti la mama. Na wageni je? Hawa ni watu wa Derry. Vaa mapembe, jipake damu, ukisikia mtu anaanza Rozari penye jeneza mdomo wako unaitikia wenyewe. Mchawi akaitikia kwanza. Akafuata mwingine. Nikamsikia Mifupa anavua kinyago, sauti yake ikatoka ya kitoto: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu." Hakuna aliyecheka tena. Mjomba anaongoza, wao wanaitikia, na mimi ndani ya jeneza machozi yananichuruzika hadi masikioni, yanaharibu poda.

Ikasaidia. Kila Salamu Maria ilikuwa inanipa nafasi ya kufikiri. Nikaamua: nitaufinya mkono wake polepole, kidole kimoja kimoja, apate kuzoea, halafu nitasema.

Lakini jikoni mama alisikia. Nikasikia kisu kinawekwa chini. Nikasikia hatua zake, zile hatua za kuja kumtoa mtu roho. Ila na yeye ni mtu wa hapa. Alipofika nyuma ya mlango, Mjomba alikuwa amemaliza sehemu yake, na mama, pamoja na hasira zake zote, akaitikia. Kwa sauti kubwa, kwa mazoea, peke yake kabla ya wengine.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."

Mjomba aliacha kupumua. Shanga zikakoma. Aliijua sauti ile toka tumboni mwa mama yao. Maiti yuko mbele yake, na maiti huyo huyo anaitikia kutoka nyuma ya mlango.

Sebule yote ikawa kimya.

Na kimya ndicho Fintan alichokuwa anangoja.

Pu! Ngoma ya kwanza. Mkono wa Mjomba ukaruka ndani ya wangu. Pu! Nikaukamata. Pu! Taa ikazimika, watu wakapiga mayowe kabla hata sijafanya kitu, na hapo ndipo ilikuwa zamu yangu ya kuinuka na kupiga ukelele.

Sikuinuka. Gizani hakuweza kuuona uso wangu ukisema, na nilishukuru kwa giza lile. Nikageuza kichwa polepole, nikamnong'oneza.

"Mjomba, usishtuke. Nakuomba, usishtuke. Ni mimi, Sorcha. Yule uliyemfundisha mluzi."

Alihema. Nikahesabu moyo wake kwa kidole changu kwenye kifundo cha mkono wake. Ulikuwa unakimbia, unakwama, unakimbia tena.

"Sorcha?" akasema. "Na wewe umekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mjomba. Ni mchezo wa Halloween. Mama ni mzima, yuko nyuma ya mlango, na amekasirika."

"Amekasirika?"

"Sana."

"Basi ni mzima kweli," akasema, na mkono wake ukalegea, si kwa kuzimia bali kwa nafuu. Ungedhani nimemtua mzigo.

Chini, Fintan aliona nimesahau zamu yangu, akaamua kuokoa onyesho. Nikasikia mkono wake unatambaa sakafuni kuelekea viatu vya Mjomba. Nikarusha mguu nje ya jeneza, nikashuka kwa uzito wangu wote, nikamkanyaga vidole.

"Yalaaa!" akalia Fintan.

"Na ukimgusa nakuvunja na mkono wa pili!" nikamwambia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mwanga ukaingia, na katikati ya mwanga amesimama mama na birika la chai. Wageni wakamtazama yeye, wakanitazama mimi nimekaa nusu nje ya jeneza. Uso mmoja, watu wawili. Wiki nzima hatukupata yowe kama lile. Mifupa alianguka na kiti chake.

"Ni nani anayechezea Rozari ndani ya nyumba—"

Akamwona.

Mjomba alisimama. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kifuani.

"Umengoja nife," mama akasema, "ndiyo uje."

"Ndiyo," akasema Mjomba. "Niliogopa utanifukuza. Maiti hafukuzi mtu."

Mchawi akaanza kupiga makofi. Masikini, bado alidhani ni onyesho.

"Acha, wewe," mama akamwambia, bila kumtazama. Macho yake hayakutoka kwa kaka yake. Alimtazama nywele zilizokwisha, koti lenye mvua, kiti alichokivuta karibu na jeneza, shanga zilizomwangukia miguuni.

"Amekaa hapa tangu saa ngapi?" aliniuliza mimi.

"Tangu alipoingia, mama. Amesema hatoki mpaka kaburini."

Mama akalitua birika.

"Niende?" Mjomba akauliza.

"Nani amekwambia usimame?"

Mjomba akakaa. Akaanza kulia upya, kwa sauti, bila aibu. Mama alinigeukia, mimi na nywele zangu za bandia zilizopinda.

"Sorcha, nenda kaoshe huo uso wangu," akasema. "Kama ana la kusema, aniambie mimi."

Nikaenda. Nilipogeuka mlangoni, mama alikuwa amevuta kiti kingine, amekaa goti kwa goti na kaka yake, na Fintan, vidole mdomoni, alikuwa anawatoa wageni nje kimya kimya na kuufungua utepe.