Maji ya Zarie

Kisiwani kwetu Carriacou, huku Karibi, redio ikishatoa onyo la kimbunga, watu hawaanzi na kupigilia mbao madirishani. Wanaanza na kuchomoa bomba linaloteremsha maji ya paa kwenye tangi. Upepo ule huinua bahari na kuimwaga juu ya mabati, na bomba likiachwa, tangi zima linaingia chumvi. Hatuna mto wala chemchemi. Tunakunywa kile paa linachotupa.

Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Mama mkwe wangu, Mama Ismay, aliniuliza mara mbili asubuhi ile.

"Tessalyn, bomba umelitoa?"

"Nakwenda, Mama."

Sikwenda, na wala sikusahau. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Machi, na maji ya tangi yalifika magotini tu. Binti yangu Zarie ana miezi mitano. Anakunywa maziwa ya unga kwa kuwa yangu yalikatika mapema. Nikawaza, mvua itatangulia upepo, niikinge nusu saa, kisha nitachomoa. Hesabu yangu, ya mwanafunzi wa shule ya jioni, ilikuwa nzuri. Upepo tu ndio haukuambiwa.

Mvua na upepo vilikuja pamoja. Saa nne tulikuwa tumejibana bafuni, chumba pekee chenye dari ya zege. Zarie nilimfunga kifuani kwa taulo. Jirani yetu Alban, seremala wa mashua, alibisha akiwa amelowa chapachapa, kuku kwapani.

"Nyumba imekwenda," alisema. "Yote."

"Na huyu naye ni ndugu yako?" Mama Ismay akamuuliza.

"Huyu anataga, Ismay. Ndugu zangu hawatagi."

Nilicheka, kisha nikasikia. Chini ya sakafu, ndani ya tangi, maji yalikuwa yanamiminika. Mama Ismay naye aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama mtoto. Juu yetu misumari ilikuwa inang'oka mmoja mmoja, lakini masikio yangu yalikuwa chini, kwenye yale maji.

Ghafla kukawa kimya. Mwanga mweupe ukapenya chini ya mlango.

"Mtu asitoke," Alban alisema. "Hilo ni jicho la kimbunga. Likipita, upepo unarudi kwa upande wa pili."

Nilimweka Zarie mapajani mwa bibi yake, nikatoka mbio.

"We Tessalyn! Una wazimu?" Mama Ismay alipiga kelele.

Nusu ya paa haikuwepo. Bomba lilikuwa limebanwa na bati lililojikunja. Nilivuta, nikalipiga teke, nikavuta tena huku vidole vikichanika. Lilipotoka, maji yalinirukia usoni na mdomoni. Chumvi. Nilisimama pale kama mjinga hadi Alban aliponishika gauni kwa nyuma na kunikokota ndani. Hatukuwa tumefunga komeo vizuri upepo ukarudi.

Ulipokwisha, kulikuwa bado mchana. Vilima vyote vimekuwa kahawia, hakuna jani hata moja. Nilikuwa na chupa moja ya maji ya kuchemsha; Zarie aliimaliza kabla ya jua kuzama. Asubuhi alilia hadi sauti ikakwaruza, na nepi yake ilikuwa kavu. Ukavu ule ndio ulionitia hofu kuliko kilio.

Majirani walianza kuja na madumu, maana tangi letu ndilo kubwa mtaani. Mama Ismay alishusha ndoo, akaonja, akatema. Watu wakatazamana.

Angeweza kusema upepo ulilivunja bomba. Aliniachia mimi niseme.

"Niliacha bomba," nikasema. "Nilitaka mvua. Ni kosa langu."

Mwanamke mmoja alisonya kwa sauti. Mwingine akasema, "Basi shule ya jioni ndiyo inafundisha hayo?" Zarie alikuwa ameacha kulia, na hilo nalo sikulipenda.

Alban alimkabidhi mwanamke huyo wa pili kuku wake. "Matusi baadaye. Mimi bomba langu nililitoa Jumamosi. Tangi lipo, ila nyumba yangu imelala juu ya mfuniko. Nani ana mikono?"

Tulikwenda wote. Ukuta wa mbao, kitanda, mashua ambayo hakuwahi kuimaliza, vyote tulivivuta kando. Yule aliyesonya alishika ubao upande wake, mimi upande wangu, tukavuta. Mfuniko ulikuwa na ufa. Chumvi ingeweza kupita hapo.

Ndoo ilipopanda, Alban alinipa kikombe. Nilionja. Nikaonja tena. Tuliyachemsha kwa vipande vya mlango wake, nikakoroga unga wa maziwa, kisha nikaonja mara ya tatu.

"Mpe mtoto, binti," Mama Ismay alisema, mkono wake ukiwa mgongoni mwangu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Utayamaliza wewe kwa kuonja."

Zarie alinyonya, akasita, akakunja uso. Watu tisa tulisimama kwenye vifusi bila kupumua. Kisha akaishika chupa kwa mikono miwili na kuivuta kwake.